Mchezo wa Ubaoni wa Kujenga na Kukusanya: Ukikwama, Angalia Hapa

Mwongozo huu ni wa mzazi, mwalimu au kijana anayebuni mchezo wa familia ambao ndani yake wachezaji hukusanya vipande na kuunda navyo vitu: daraja, kituo, garimoshi, meli. Mfano nitakaoutumia ni mchezo wa reli ya kutoka Nakuru kwenda Kisumu, kwa sababu njia hiyo ni kama ubao uliokwisha kuchorwa. Ina Njoro, Elburgon, Molo, Mau Summit, Londiani, Fort Ternan, Muhoroni na Kibos. Inapanda Mau, inavuka mabonde kwa madaraja, kisha inateremka hadi ziwani. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, wakati mji ukiitwa Port Florence, na kutoka hapo abiria na mizigo viliendelea kwa meli. Kwa hiyo mchezo una mwisho wake wa asili: fika ziwani, unda meli, umeshinda.

Kanuni za mfano wetu ni hizi. Kila mchezaji ana kichwa cha garimoshi. Akifika kituoni anachukua bahasha yenye kipande kimoja. Vipande vinaunganishwa kwa mikato, kimoja kikikaa ndani ya kingine, bila gundi. Kwenye mabonde hupiti mpaka ujenge daraja.

Kabla ya kutafuta tiba, waketishe watu wacheze, nawe unyamaze. Usieleze, usisahihishe, usimwambie mtu kwamba hatua yake si nzuri. Shika daftari uandike mahali mtu alipouliza swali, aliposhika simu, alipoangua kicheko, alipoinuka kwenda kutazama sufuria jikoni. Mtoto akisema mchezo unaboa, hiyo ni dalili tu. Chanzo kiko kwenye daftari lako. Na ukianza kurekebisha, badilisha kitu kimoja, chezeni tena, ndipo uguse kingine. Ukibadilisha dadu, kadi na idadi ya vipande siku moja, mchezo ukinoga hutajua ni kwa sababu gani.

Dalili: watoto wanajenga tu, ubao umesahaulika

Hili ndilo tatizo kubwa la michezo ya aina hii, na ningemshauri mtu alimalize kabla ya mengine yote. Baada ya muda mfupi sakafu imejaa madaraja, dadu iko chini ya kiti, na hakuna anayekumbuka zamu ni ya nani. Watu wazima huwalaumu watoto kwamba hawatulii. Mimi nawatetea watoto. Kama daraja la Londiani likijengwa au lisipojengwa hakuna kinachobadilika ubaoni, mtoto amefanya uamuzi wa busara: ameshika sehemu yenye raha na kuiacha isiyo na maana.

Jipime hivi. Ondoa jengo ubaoni, weka kifuniko cha soda mahali pake, kisha endeleeni kucheza. Mchezo ukienda vilevile, jengo lako ni pambo. Umebuni michezo miwili, ukaiweka kwenye sanduku moja.

Tiba ni kulifanya jengo lenyewe libebe hesabu ya mchezo. Mfano mzuri ni Pirates of the Spanish Main, mchezo uliotolewa na kampuni ya WizKids mwaka 2004. Meli zake huundwa kwa vipande vinavyobanduliwa kwenye kadi za plastiki. Milingoti ya meli ndiyo nguvu yake: meli ikipigwa, mlingoti unang'olewa, na mizinga inapungua hivyohivyo. Huhitaji kalamu wala karatasi kujua meli ya mwenzako imebakiwa na nguvu kiasi gani. Unaitazama tu.

Sasa tulete jambo hilo Mau. Daraja la nguzo mbili linapitisha behewa moja, la nguzo nne linapitisha mabehewa matatu. Ikitoka kadi ya mvua ya masika, kila daraja lililo bondeni linapoteza nguzo moja, na mwenye daraja anaichomoa kwa mkono wake mwenyewe. Hapo ndipo utakapoona uso wa mtoto ukibadilika. Analitazama daraja lake, anahesabu nguzo, anajiuliza avuke sasa na behewa moja au asubiri bahasha nyingine. Kujenga na kucheza vimekuwa kitu kimoja.

Ukiona jengo sasa lina kazi lakini mtu anapojenga wenzake wanapiga miayo, chanzo ni muda. Ruhusu kujenga wakati wa zamu za wengine, na zamu yako iwe ya kusogeza na kuchukua tu. Catan, mchezo wa Klaus Teuber uliotoka mwaka 1995, uliwaondolea watu uchovu wa kusubiri kwa njia inayofanana na hiyo: dadu ikirushwa na yeyote, kila mwenye makazi kwenye namba iliyotoka anapata mali, hata kama zamu si yake. Katika mchezo wetu, garimoshi la mtu likipita kwenye daraja lako, wewe unachukua kipande. Kwa kanuni hiyo hakuna anayeondoka mezani.

Dalili: kipande kimoja kimekataa kupatikana

"Mama, nguzo tena! Nimechoka na nguzo!" Sauti hiyo ikisikika mara mbili katika mchezo mmoja, usidhani ni bahati mbaya. Ni hesabu, na hesabu hiyo ni kali kuliko wabunifu wengi wanavyodhani.

Tuseme meli ya Kisumu ina vipande 12 tofauti, na kila bahasha ina uwezekano sawa wa kuwa na chochote kati ya hivyo. Vipande sita vya kwanza utavipata kwa wastani wa bahasha 8 hivi. Raha tupu. Lakini sita vilivyobaki vitakugharimu bahasha 29, kwa sababu kila unavyozidi kupata ndivyo nyingi zinavyokuwa marudio. Kipande cha mwisho peke yake kinadai bahasha 12 kwa wastani. Jumla ni bahasha 37 kwa meli ya vipande 12, na hiyo ni ya mchezaji mmoja. Familia ya watu wanne wangekesha.

Wafanyabiashara wa vitu vya kukusanya wanaijua hesabu hii vizuri sana. Ndiyo inayomrudisha mtoto dukani na shilingi zake. Kwenye meza ya nyumbani haina nafasi. Nyumbani unataka mtoto amalize meli, ailete mbele ya baba yake, aseme imekamilika.

Kuna tiba tatu, na ya kwanza ndiyo ninayoipenda. Weka kanuni kwamba vipande vitatu vya ziada vinabadilishwa kwa kimoja unachokitaka. Angalia kinachotokea: bahasha ya kwanza ni mpya daima, na kila kipande kinachofuata hakiwezi kukugharimu zaidi ya bahasha tatu. Mwenye mkosi kuliko wote duniani atamaliza meli kwa bahasha 34, yaani mkosi mkubwa kabisa sasa ni afadhali kuliko wastani wa zamani. Tena, nguzo ya ziada haiudhi tena. Imekuwa fedha.

Tiba ya pili: acheni bahasha zilizofungwa, pangeni vipande vinne wazi mezani, mtu achague kimoja na nafasi yake ijazwe kutoka kwenye mfuko wa vipande. Hapo bahati inapungua na akili inaongezeka, lakini watoto wadogo hukosa ile furaha ya kufungua bahasha, na furaha hiyo si ndogo. Ya tatu ni kuruhusu watu wabadilishane. Hii hufanya kazi vizuri kwa watu wanaolingana umri. Ukimweka mtoto wa darasa la pili abadilishane na kaka yake wa sekondari, mdogo atanyonywa mchana kweupe, kwa hiyo weka sharti kwamba mdogo ndiye anayetoa pendekezo la kwanza na mkubwa anakubali au anakataa tu.

Dalili: mmoja ametangulia, wengine wamekata tamaa

Tazama daftari lako: anayeshinda alijulikana lini? Kama alijulikana mapema na mchezo ukaendelea kwa muda mrefu baadaye, una tatizo la anayepata kuongezewa. Mara nyingi chanzo ni kanuni inayosema jengo linazaa vipande kila zamu. Aliyejenga daraja moja anapokea vipande viwili badala ya kimoja, anajenga la pili mapema, anapokea vitatu, na kuanzia hapo anawaacha wenzake kama matatu ya asubuhi inavyomwacha aliyechelewa stejini.

Jengo lizae mara moja tu, siku linapojengwa. Baadaye lihudumie wote: daraja likishasimama Fort Ternan, kila mtu anapita, na mjenzi anapata kipande mtu anapopita. Wa nyuma ananufaika kwa kuikuta njia iko tayari, wa mbele analipwa kwa kazi yake. Usimpige faini aliyetangulia, na usiweke kadi za kumnyang'anya vipande. Mtoto aliyejenga kwa mikono yake akabomolewa na kadi ya dada yake atalia, na atakuwa na haki. Mvua ya masika inayowanyeshea wote haina ugomvi huo.

Dalili: vipande haviingiani, au vinaingia na kudondoka

Hapa tunaondoka kwenye kanuni, tunaingia kwa fundi. Mchezo wenye kanuni nzuri na mikato mibaya hauna maisha. Tofali la LEGO, ambalo maombi ya hataza yake (haki ya mvumbuzi) yaliwasilishwa tarehe 28 Januari 1958, linapendwa hasa kwa sababu ya kushika: linabana kiasi cha kusimama na linaachia kiasi cha kubanduliwa na mtoto. Wewe unatafuta hali hiyohiyo kwa mbao nyembamba au kadibodi.

Chanzo cha kawaida ni kuamini unene ulioandikwa dukani. Plaiwudi inayouzwa kama ya milimita 3 inaweza kuwa nyembamba au nene kuliko hiyo, na kipande kimoja kinaweza kutofautiana na kingine. Pima kwa vernia, ile ya maabara ya fizikia. Pima pembe zote nne za ubao na katikati, si mahali pamoja tu. Chanzo cha pili ni kifaa cha kukatia. Mashine ya leza huunguza mstari wenye upana wake, kwa kawaida sehemu ndogo ya milimita, hivyo mkato uliochora wa milimita 3 unatoka ukiwa mpana zaidi. Msumeno wa fundi hula zaidi.

Usikisie. Mwambie fundi akukatie kwanza ufito wa majaribio kutoka ubao uleule utakaotumika, wenye mikato kadhaa iliyopangwa: milimita 2.6, 2.7, 2.8, hivyohivyo mpaka 3.4. Andika namba kando ya kila mkato kwa penseli. Chukua kipande kingine cha ubao huohuo ukiingize kwenye kila mmoja. Unaoutaka unajulikana hivi: ukigeuza vipande juu chini havidondoki, lakini mtoto wa miaka sita anavitenganisha kwa vidole viwili bila kuuma meno. Mara nyingi utakuta mikato miwili inayokaribiana inafaa. Chagua uliolegea kidogo, kwa sababu rangi na unyevu vitaubana baadaye. Gharama ya ufito huo ni ndogo sana ukilinganisha na kukata seti nzima isiyoingiana.

Kisha kuna hewa yenyewe. Plaiwudi, kadibodi na MDF (ubao wa nyuzi za mti zilizogandamizwa) hunywa unyevu na kuvimba, hasa kwenye kingo zilizokatwa. Vipande vilivyokatwa Januari, jua likiwaka, vinaweza kubana mno ifikapo Aprili. Paka kingo vanishi nyembamba. Usipake rangi ndani ya mikato. Zibe kwa utepe wa karatasi kabla ya kupaka, kwani koti mbili za rangi kila upande zinatosha kuuharibu mkato uliokuwa sawa. Ikiwa mikato inaingia lakini vipande havikutani juu, ukiacha pengo, kina ndicho kifupi. Kila mkato ufike nusu ya kimo cha kipande na ziada ya nusu milimita. Mwishowe pitisha msasa mdomoni mwa mkato uwe mpana kidogo pale kipande kinapoanzia kuingia. Kazi hiyo inachosha, lakini ndiyo inayofanya mkono wa mtoto usikwame.

Jengo likisimama mezani na kuanguka ubaoni, panua kitako au shusha uzito: weka vipande vizito chini, vyepesi juu. Nguzo ndefu ya daraja isiyo na kitako kipana itaangushwa na shati la mtu.

Dalili: ubao umejikunja

Ulibandika karatasi ya ramani upande mmoja tu wa kadibodi. Gundi ilipokauka karatasi ikavuta. Bandika karatasi ya aina hiyohiyo na upande wa nyuma, tumia gundi nyeupe iliyopakwa nyembamba, kandamiza kwa vitabu vizito usiku kucha. Uji wa unga una maji mengi mno kwa kazi hii.

Dalili: nyanya alicheza mara moja, hakurudi

Mchezo wa familia usiomweka nyanya mezani umepungukiwa, na nalisema hili kwa moyo wangu wote. Wazee wengi wa kando ya ziwa wamekua wakicheza ajua, aina ya mchezo wa bao. Wanajua kuhesabu mbele, wanajua kumtega mtu. Akili wanayo. Kinachowafukuza ni kwingine.

Mara nyingi ni macho. Alama za milimita tatu, rangi ya kijani iliyokaa karibu na ya kahawia, taa ya sebuleni yenye mwanga hafifu. Wape wachezaji alama za umbo pamoja na rangi: mmoja nyota, mmoja samaki, mmoja duara, zikiwa zimechongwa ili hata kidole kizitambue. Hilo litamsaidia pia mjomba asiyetofautisha nyekundu na kijani, ambaye huenda hajawahi kumwambia mtu.

Ikiwa si macho, ni maelezo. Kanuni zinasomwa kwa sauti mwanzoni kama hotuba ya chifu, na mtu mzima anaona aibu kuuliza tena mbele ya wajukuu. Ajua haifundishwi kwa kusoma: unakaa kando, unatazama mzunguko mmoja, unaingia. Panga mchezo wako hivyo. Zamu ya kwanza iwe na jambo moja tu, kurusha dadu na kusogea. Bahasha zianze Njoro, madaraja yaanze baada ya Molo, kadi za mvua zianze Londiani. Kila kanuni inafundishwa pale inapohitajika, na mjukuu ndiye anayeeleza: "Nyanya, sasa hapa ndipo tunajenga. Wewe una nguzo mbili, behewa moja linapita."

Kama bado anasitasita kuunganisha vipande kwa sababu vidole vinauma, mpe haki ya kumwagiza mjukuu amjengee. Nimeona meza ikichangamka zaidi kwa njia hii kuliko kwa kanuni yoyote nyingine, kwa sababu mtoto anapata jengo la pili la kujenga na nyanya anapata mhandisi.

Dalili: vipande vinapotea au vinaingia mdomoni

Usalama kwanza. Kipimo cha kimataifa cha vichezeo vya watoto walio chini ya miaka mitatu hutumia silinda yenye upana wa milimita 31.7, kipande kinachotoshea ndani yake chote kinaweza kumkaba mtoto. Nyumbani tumia kiini cha karatasi ya chooni, ambacho ni kipana kidogo kuliko hapo, hivyo kinakuweka upande salama. Kipande kinachopita humo hakikai kwenye nyumba yenye mtoto anayetambaa.

Vinavyopotea, ongeza ukubwa na upunguze aina. Mchezo wenye aina tano za vipande unaweza kurekebishwa na fundi yeyote jioni moja. Wenye aina 40 ukipoteza kimoja umekufa. Tunza kiolezo cha kila aina, kilichochorwa kwenye karatasi ya manila na kuandikwa vipimo, ndani ya mfuniko wa sanduku.

Dalili: dadu inapendelea

Dadu ya kuchonga huwa na pembe zisizo sawa. Irushe mara 120 ukiandika. Kila uso unatarajiwa kutokea mara 20 hivi. Ukipata uso uliotokea zaidi ya mara 32 au pungufu ya mara 8, chonga nyingine. Kama namba zote ziko kati ya hapo na bado kijana wako anadai dadu inamchukia, mwache airushe mwenyewe mara 120, na umpe kalamu.